Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Almanaka za Uingereza na Watungaji Wake

Mwaka huu tumeombwa tuandike makala ya kufundisha, yaani makala ambayo msomaji akiyamaliza atabaki na jambo la kumfaa. Mimi nimechagua jambo la mbali kidogo. Nataka tuzungumze juu ya vijitabu vya nyota vilivyosomwa sana Uingereza tangu karne ya 16 hadi karne ya 18, pamoja na watu waliovitunga.

Najua wengine mtauliza, "Ya Uingereza ya zamani yatusaidie nini sisi?" Ngojeni. Swali ninalotaka kulijibu ni hili: ilikuwaje watu wenye akili zao timamu, wakitabiriwa mambo yasiyotokea mwaka baada ya mwaka, wakaendelea kununua kijitabu kile kile? Jibu lake, kwa maoni yangu, linamhusu kila mtu anayejua kusoma.

ALMANAKA NI NINI?

Almanaka ni kitabu cha kuonyesha siku, wiki na miezi ya mwaka pamoja na mambo yanayohusu nyakati. Kamusi zetu za zamani hulipa neno takwimu maana hiyo hiyo, ingawa siku hizi takwimu ni hesabu zinazokusanywa na serikali au wataalamu. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni katika Kiswahili.

Almanaka ya Kiingereza ilikuwa kijitabu chembamba, chepesi kutia mfukoni, nacho kiliuzwa kwa bei ya chini, mara nyingi peni mbili tu. Zilikuwako pia za karatasi moja kubwa, za kubandikwa ukutani kama kalenda za madukani. Mnamo mwaka 1603 Mfalme James wa Kwanza aliwapa wauza vitabu wa London, waliokuwa na chama chao kiitwacho Stationers' Company, haki ya kuzichapa. Biashara hiyo waliishikilia hadi mwaka 1775, mahakama ilipoamua kwamba haki hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria.

Na si biashara ndogo! Katika miaka ya 1660 ziliuzwa karibu nakala 400,000 kila mwaka. Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba hiyo ni sawa na nakala moja kwa kila familia tatu. Hebu fikiria, katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, kijitabu kimoja kimeingia katika nyumba moja kati ya tatu!

NDANI YA KIJITABU

Aghalabu almanaka ilikuwa na sehemu mbili. Tafadhali zishike sana sehemu hizi, maana ndizo nguzo za makala haya.

Sehemu ya kwanza ilikuwa kalenda. Hapo msomaji aliona siku za mwezi, sikukuu za kanisa, mihula ya mahakama, na siku za magulio ya miji mbalimbali. Aliona pia mwezi utaandama lini na utakuwa mpevu lini. Kwetu leo jambo hilo linaonekana dogo, lakini wao hawakuwa na taa za barabarani. Mtu akitaka kusafiri usiku alihitaji mwezi. Hata Shakespeare, katika mchezo wake wa A Midsummer Night's Dream, anawaonyesha mafundi waliotaka kuigiza usiku wakiitisha almanaka wapate kujua kama mwezi utawaka. Mabaharia nao walitazama nyakati za maji kujaa na kupwa, wasije wakakwama. Vile vile almanaka ilitaja siku na saa ya kupatwa kwa jua na kwa mwezi. Nyingine zilikuwa na kurasa tupu za kuandikia hesabu na habari za nyumbani, na kwa njia hiyo watu wengi walianza kuweka shajara.

Sehemu ya pili ilikuwa utabiri. Humo mtungaji alisema kama mvua ingezidi, kama mavuno yangekuwa mema, kama yangezuka maradhi, na kama wafalme wangepigana. Yote haya aliyatoa kwa kutazama sayari na buruji 12.

Kati ya sehemu hizi mbili palikuwa na picha moja maarufu sana ya mtu aliye uchi, mwili wake umegawanywa baina ya zile buruji. Kondoo alitawala kichwa, Ng'ombe shingo, Simba moyo, na kuendelea hivyo mpaka Samaki waliotawala nyayo. Watu waliamini kwamba si vizuri kumtoa mgonjwa damu katika kiungo ambacho mwezi umo ndani ya buruji yake. Kwa hiyo mganga alifungua almanaka kwanza, kisha ndipo akachukua kisu.

Unaona jinsi mambo yalivyochanganyika? Mwendo wa mwezi ulikuwa umehesabiwa kwa uangalifu. Ile habari ya kutoa damu ilikuwa dhana tupu. Lakini vyote vilichapwa kwa wino mmoja, katika karatasi moja, kwa sauti moja ya mtu anayejua.

WATUNGAJI WENYEWE

Msidhani watungaji wote walikuwa walaghai. La. Wengine walikuwa wapima ardhi, wengine waganga, wengine walimu wa hesabu. Leonard Digges alitunga almanaka ya kudumu miaka mingi. Mwaka 1576 mwanawe, Thomas Digges, aliichapisha tena akaongeza maelezo ya fundisho la Copernicus, kwamba jua haliizunguki dunia bali dunia ndiyo inayolizunguka jua. Yaani moja ya habari kubwa kabisa za sayansi iliwafikia Waingereza ndani ya kitabu cha kutabiri hali ya hewa, tena kwa lugha yao wenyewe, si kwa Kilatini cha wasomi! Wanachama wa chama cha Kiswahili tuna sababu ya kufurahia hapo.

Wanawake nao hawakukosa. Kuanzia mwaka 1658 zilitoka almanaka kwa jina la Sarah Jinner. Alitia ndani dawa za kuwasaidia wanawake, na katika utangulizi wake akatetea haki ya mwanamke kuandika vitabu.

Lakini aliyewapita wote kwa umaarufu ni William Lilly. Alizaliwa mwaka 1602 katika kijiji cha Diseworth. Alisoma shule vizuri, ila baba yake alifilisika hata akafungwa kwa sababu ya madeni, na kijana akakosa njia ya kwenda chuo kikuu. Sisi tunaorudishwa nyumbani kwa karo tunamwelewa. Mwaka 1620 aliandamana na gari la mizigo hadi London, akaajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba asubuhi nyingine alichota mapipa 18 ya maji kutoka mto Thames. Tajiri wake alipofariki mwaka 1627, Lilly akamwoa mjane. Basi umaskini ukampungukia, akapata nafasi ya kujifunza unajimu.

Mwaka 1644 alitoa almanaka yake ya kwanza. Mwaka 1647 akatoa kitabu kikubwa cha kufundisha unajimu, Christian Astrology, nacho akakiandika kwa Kiingereza ili asiyejua Kilatini naye ajifunze. Watu wa kila tabaka walimiminika nyumbani kwake kuuliza habari za mali iliyopotea, za ndoa na za wasafiri.

MBINGU MOJA, UTABIRI MBILI

Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani, Waingereza kwa Waingereza. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa upande huu, Bunge upande ule. Lilly alikuwa mtu wa Bunge. Upande wa Mfalme kulikuwa na mtunga almanaka mwingine, George Wharton.

Mwezi Mei mwaka 1645 jeshi la Mfalme lilipotoka Oxford, Wharton alitazama nyota akasema Mfalme atafanikiwa. Lilly naye alitazama nyota zile zile, akaandika kwamba upande wake ukipigana mwezi wa Juni ushindi utawajia. Tarehe 14 Juni 1645 jeshi la Bunge likashinda vita vya Naseby. Basi sifa za Lilly zikaenea kote. Mwaka 1648 mji wa Colchester ulipozingirwa, Lilly na mwenzake John Booker waliitwa huko kuwatia askari moyo kwa maneno ya nyota.

Sasa tufikiri kidogo. Mbingu ilikuwa moja. Sayari zilikuwa zile zile, na majedwali ya kuhesabia mwendo wake hayakutofautiana sana. Mbona majibu yakawa mawili, na kila jibu likampendeza anayelisubiri? Ni wazi kwamba jibu halikushuka kutoka mbinguni. Kila mmoja alipandisha matumaini ya watu wake juu, kisha akayasoma huko kama kwamba yameandikwa na nyota. Nalo jambo hili halikuwa mchezo, kwa sababu kuna vijana waliosimama mbele ya mizinga wakiamini kwamba Mirihi na Mshtarii ziko upande wao.

Hata hivyo tumpe Lilly haki yake. Wharton alipofungwa gerezani baada ya vita, Lilly, adui yake wa kalamu, ndiye aliyemtafutia watu wa kumwombea hata akatolewa.

JUMATATU NYEUSI

Mfano ambao mimi naupenda kuliko yote ni wa mwaka 1652. Watunga almanaka walisema jua litapatwa siku ya Jumatatu tarehe 29 Machi. (Tarehe hizi ni za kalenda yao ya zamani, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 10 au 11. Waliibadilisha mwaka 1752, siku iliyofuata tarehe 2 Septemba ikawa tarehe 14.) Lilly aliandika kitabu kizima juu ya kiza hicho. Nicholas Culpeper, yule mganga wa mitishamba, naye akatangaza kwamba wakuu wa dunia wataanguka.

Watu waliingiwa na hofu kuu. Siku hiyo wakaiita Jumatatu Nyeusi. John Evelyn, aliyeandika shajara yake kwa miaka mingi, anasema watu karibu wote hawakufanya kazi wala hawakutoka nyumbani.

Siku ikafika. Jua likapatwa kweli, kama ilivyosemwa. Halafu? Halafu jua likaendelea kuwaka, watu wakatoka nje, na wafalme wakabaki katika viti vyao. Wale waliojifungia ndani walipoteza kazi ya siku nzima.

Wanafunzi wenzangu, somo lote liko hapa. Katika ukurasa mmoja, mtu mmoja alisema mambo mawili. La kwanza, jua litapatwa siku fulani. Likawa kweli, kwa sababu lilihesabiwa. La pili, wakuu wataanguka. Likawa uongo, kwa sababu lilikisiwa. Usahihi wa la kwanza ndio uliowafanya watu waliogope la pili. Kweli ilimbeba uongo mgongoni kama mama abebavyo mtoto.

LUGHA ISIYOKAMATIKA

Baada ya aibu kama hiyo, mbona almanaka hazikufa? Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja: mkulima na baharia bado walihitaji kalenda, magulio na maji kujaa. Sababu ya pili ni ya lugha, nayo inatuhusu sana sisi wapenzi wa lugha.

Mtungaji hodari alijua kuchagua maneno yasiyokamatika. Nitatunga mfano wangu mwenyewe: "Mwezi huu mtu mkubwa wa nchi za mashariki huenda akapata huzuni, isipokuwa Mungu apishe mbali." Hebu chunguza. Mtu mkubwa ni nani? Mashariki ya wapi? Huzuni gani, msiba au mafua? Kisha kuna huenda, kuna isipokuwa. Sentensi kama hiyo haiwezi kushindwa. Ikitokea, mtungaji ni bingwa. Isipotokea, Mungu amepisha mbali.

Lilly aliifanya kazi hiyo hata bila maneno. Mwaka 1651 alitoa kitabu chenye michoro ya mafumbo. Mmoja ulionyesha watu wakichimba makaburi, na mwingine ulionyesha moto mkubwa na mapacha wakiangukia ndani, na Mapacha ndiyo iliyohesabiwa kuwa buruji ya London. Mwaka 1665 ikaja tauni, na mwezi Septemba 1666 London ikaungua. Wabunge wakamwita Lilly aeleze alijuaje, maana waliogopa kwamba labda anawafahamu waliouwasha huo moto. Akajibu kwamba mwaka wenyewe hakuujua. Angeujuaje? Mchoro wa moto usio na mwaka unangoja tu moto wowote utokee.

MGANGA HAJIGANGI

Kulikuwako Waingereza walioyaona haya. Tangu miaka ya 1660 ilitoka almanaka ya mzaha iitwayo Poor Robin, iliyotabiri mambo yaliyo wazi ili watu wacheke. Lakini mzaha mkubwa kuliko yote ulifanywa na mwandishi Jonathan Swift mwaka 1708.

Wakati huo mtunga almanaka maarufu alikuwa John Partridge, aliyeanza maisha kama fundi wa viatu. Swift akajipa jina la bandia, Isaac Bickerstaff, akajifanya mnajimu, akatabiri kwamba Partridge atakufa kwa homa usiku wa tarehe 29 Machi. Ona ufundi wake: alitaja jina, siku na ugonjwa. Hakusema huenda. Siku ilipopita akachapa habari kwamba Partridge kweli amekufa. Maskini ya Mungu, Partridge ikabidi aandike katika almanaka yake ya mwaka uliofuata kwamba yu hai! Watu wakazidi kucheka. Alifariki kweli mwaka 1715.

Hata hivyo almanaka ziliendelea. Ile ya Francis Moore, Vox Stellarum, iliuza nakala 107,000 mwaka 1768, naye Moore alikuwa amekwisha kufa zamani. Jina lake tu ndilo lililokuwa likitabiri.

ELIMU HII NA PWANI YETU

Tusije tukawacheka Waingereza peke yao. Unajimu wao waliupokea kutoka kwa Wayunani kupitia kwa Waarabu. Vitabu vya Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad aliyekufa mwaka 886, vilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Katika pwani ya Afrika Mashariki elimu hiyo hiyo ilifika kwa njia ya bahari, ndiyo maana tunasema falaki, mnajimu, buruji, Zuhura na Zohali, maneno yenye asili ya Kiarabu. Waswahili nao walikuwa na mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo mabaharia walijua majira ya pepo na wakulima wakajua wakati wa kupanda. Pamoja na hesabu hiyo nzuri, palikuwa na ramli na kutazamia. Yaani kwetu pia kweli na dhana zilipanda jahazi moja.

Na bado zinasafiri. Mtaani kwetu kuna msichana aliyeambiwa na mtazamiaji kwamba nyota yake haipatani na masomo. Mama yake akatafuta pesa za "kusafisha nyota." Muhula ulipofunguliwa, msichana akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na pesa zilizosafisha nyota zilitosha kulipa karo hiyo. Siku hizi utabiri unaletwa hadi kwenye simu, lakini ukiusoma kwa makini utakutana na yule yule mtu mkubwa wa mashariki.

HITIMISHO

Sisemi tuvitupe vitabu vyote vyenye makosa. Aliyeichoma almanaka kwa hasira ya Jumatatu Nyeusi alichoma na kalenda yake. Ninachosema ni kwamba tusome kama mama anayepepeta mchele. Ukisoma au ukisikia neno lolote linalohusu kesho, uliza maswali haya matatu:

1. Je, jambo hili limehesabiwa au limekisiwa?
2. Je, limesemwa kwa maneno yanayoweza kushindwa, au limefunikwa kwa huenda na labda?
3. Je, anayeniambia anapata nini nikimwamini?

Maswali haya yanafaa pia kwa yule anayekuuzia karatasi ya "maswali yatakayokuja" wiki moja kabla ya mtihani. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. William Lilly mwenyewe hakutoka Diseworth kwa nguvu ya nyota. Alitoka kwa miguu, nyuma ya gari la mizigo, na yale aliyokwisha kusoma shuleni yakiwa kichwani mwake.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Eleza tofauti kati ya sehemu mbili za almanaka, na utoe mifano miwili kwa kila sehemu.
2. Lilly na Wharton walitazama mbingu moja wakatoa majibu mawili. Kwa nini?
3. Tunga sentensi mbili za utabiri, moja inayokamatika na nyingine isiyokamatika. Msomee mwenzako, naye aseme ipi ni ipi.